Sikio la Mwalimu Mlezi

Kisa cha Erasto Mpemba kikisimuliwa, sifa humwendea kijana. Anastahili. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika Sekondari ya Magamba, aliwahi nafasi kwenye friza kwa kuingiza maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Lakini mimi humwazia zaidi mtu wa pili katika kisa hicho, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam.

Osborne alikwenda kutoa mhadhara katika shule ya Mkwawa, Iringa, ambako Mpemba alikuwa amehamia. Kijana akauliza kwa nini maji ya nyuzi 100 huganda kabla ya maji ya nyuzi 35 yakiwekwa pamoja kwenye friza. Wenzake walimcheka. Osborne mwenyewe hakuamini, na alikuwa na elimu ya kutosha kumnyamazisha kwa sentensi moja. Akakiri kwamba hajui, akaahidi kujaribu.

Ahadi za namna hiyo hutolewa kila siku na kusahaulika njiani. Yeye aliporudi chuoni alimpa kazi hiyo fundi wa maabara, ambaye baadaye alileta majibu: ya moto yametangulia kuganda, ila wangerudia mpaka wapate majibu sahihi! Wakarudia, na majibu yakawa yaleyale. Mwaka 1969 makala ilitoka katika jarida la Physics Education, jina la Mpemba likitangulia la Osborne. Wakati huo kijana alikuwa katika chuo cha Mweka akisomea uhifadhi wa wanyamapori. Msomi angeweza kumshukuru mwishoni kwa maneno mawili, na nani angelalamika?

Naupenda ulezi huu kwa sababu ni kazi ya mikono na subira. Mlezi huketi na daftari la mwanafunzi akauliza chombo kilikuwa kipi, kilifunikwa au la, kipimajoto kilisimama wapi. Maswali hayo si ya kumkatisha tamaa. Mwaka 2016 Burridge na Linden, watafiti wa Uingereza, walionyesha kwamba kipimajoto kikipanda au kushuka sentimita moja tu, majibu yanaweza kugeuka, nao wakalitilia shaka jambo lote. Ubishi unaendelea, na kila anayeuingia hulazimika kwanza kulitaja jina la yule mwanafunzi.