Jina Kama Matini: Grafiti ya Treni za New York na Suala la Hadhira

Mhakiki anapokabiliwa na grafiti huelekea kuuliza kwanza: maandishi haya yanasema nini? Akipata jina tupu, huyatoa nje ya uwanja wa sanaa. Makala haya yanadai kwamba katika grafiti ya treni za chini ya ardhi za New York fani ndiyo iliyobeba maudhui, na kwamba hadhira iliyoelewa hivyo ilikuwa ya waandishi wenyewe.

Mnamo Julai 1971 gazeti la New York Times lilichapisha habari za TAKI 183, kijana tarishi aliyetapakaza lakabu yake mjini. Tarakimu zilitokana na barabara ya 183 alikoishi. Walioandika hivyo hawakujiita wachoraji bali waandishi. Majina yalipozagaa, kuonekana tu hakukutosha; ilibidi kila jina liwe na mtindo wake. Ndipo Phase 2 alipobuni herufi zilizovimba kama mapovu, na baadaye herufi zikasukwa hata mgeni asiweze kuzisoma.

Katika kitabu chake cha mwaka 1976, Jean Baudrillard alishikilia kwamba nguvu ya majina hayo ilitokana na utupu wake. Hoja hii ina uzito, kwani jina lisilouza chochote huvuruga mji uliojaa matangazo. Hata hivyo, huo ni mtazamo wa abiria. Kwa waandishi, mkunjo wa herufi, mpango wa rangi na hatari ya kuingia usiku kwenye maegesho ya treni vilisomeka vyema. Filamu ya Style Wars (1983) inathibitisha hilo: vijana wanapima kazi za wenzao na kumlaani anayeandika juu ya jina la mwingine. Utupu haugombewi hivyo.

Ulinganisho na utenzi unafaa hapa. Aghalabu mtunzi wa utenzi hujitaja katika beti za mwisho, kisa kikishakamilika. Mwandishi wa treni aliupindua utaratibu huo: jina lilikuwa dibaji, kisa na tamati. Kwa kijana ambaye mji haukumtaja popote, kujitaja kulikuwa ndiko kusimulia.

Lakini hapo ndipo ulipo udhaifu wa sanaa hii. Iliandikwa juu ya mali ya umma kwa msimbo wa wachache; abiria alilazimishwa kutazama asichoruhusiwa kusoma. Treni ya mwisho yenye michoro ilipoondolewa tarehe 12 Mei 1989, baadhi ya waandishi walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye turubai za majumba ya sanaa. Turubai lilihifadhi herufi, likapoteza mwendo wa treni na wasomaji waliokuwa wakiisubiri kituoni. Kwa hiyo, uhakiki unaotenga matini na mahali pake hauwezi kuitendea haki grafiti, wala kuilaumu ipasavyo.