Kuuliza kwa ajili ya Usawa: Maneno ya Fomu Zetu

Mwananchi aendaye kuomba huduma hukutana na fomu kwanza, ndipo akutane na mtumishi. Ikiwa ametoka Mvumi au Mlowa, katika Wilaya ya Chamwino, huenda lugha aliyoamka nayo ni Kigogo, na Kiswahili cha fomu ni lugha yake ya pili. Hapo huulizwa: Jinsi. Umri. Ulemavu wa aina gani. Kwa nini aulizwe hayo, fomu haisemi. Tumepitia fomu kadhaa za namna hii, na twaona kwamba upungufu wake mkubwa si ukosefu wa istilahi bali ni ukosefu wa sababu. Mtunzi asiyejua kwa nini anauliza hawezi kuchagua neno lifaalo.

Sababu yenyewe ni nzito. Mwaka 2018 sheria ilizitaka halmashauri zote zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024. Kadhalika Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 humtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu hao kwa kiwango kisichopungua asilimia 3. Sasa, nani atajua kama fungu hilo limewafikia wenyewe, iwapo hakuna aliyeulizwa? Asiyehesabiwa husahauliwa, na aliyesahauliwa hana pa kulalamikia, maana hata malalamiko huhitaji hesabu.

Je, kazi hii tuiiteje? Maofisini limezoeleka neno «ufuatiliaji». Kwa mtumishi wa umma neno hilo halina ubaya, lakini kwa mwananchi wa kawaida anayefuatiliwa ni mtu anayeshukiwa. «Uchunguzi» nalo lanuka polisi na hospitali. Maoni yetu ni kwamba Kiswahili kinalo neno bora: kupima. Fundi mwashi huweka pima maji juu ya ukuta ajue kama umelala sawa. Haweki ili aufedheheshe ukuta. Na «usawa» wenyewe, kabla haujawa neno la siasa na sheria, ni sifa ya kitu kisichoinama upande. Basi «taarifa za kupimia usawa» ni istilahi ambayo mwalimu aweza kuieleza kijijini bila kutafuta kamusi.

Tuje kwenye maneno yaliyomo ndani ya fomu. «Jinsi» ndilo litumiwalo katika taarifa za sensa nchini kutenga wanaume na wanawake, na wataalamu wengi huliacha «jinsia» lisimamie mahusiano na majukumu ambayo jamii huwapangia. Tofauti hiyo yafaa kuhifadhiwa katika maandishi ya kitaalamu. Lakini neno «Jinsi» likisimama peke yake mbele ya nukta mbili, msomaji mgeni ana haki ya kuuliza: jinsi gani? Hapa dawa si istilahi nyingine. Yatosha kuandika «Mwanamke» na «Mwanamume», kila moja na kisanduku chake, na swali litajieleza lenyewe.

Ugumu zaidi uko katika ulemavu. Wako wanaodai kwamba kipofu, kiziwi na kiwete ni matusi kwa sababu ya kiambishi ki-, ambacho eti humgeuza mtu kuwa kitu. Hoja hiyo haisimami yenyewe. Kiongozi, kijana na kinyozi wana ki- hiyo hiyo, na hakuna anayelalamika. Tena twasema «kipofu amefika», si «kipofu kimefika». Dharau hutokana na matumizi, na wanaojua matumizi ni wale wanaoitwa. Wenzetu viziwi wamelichukua neno lao na kuliweka katika jina la chama chao, Chama cha Viziwi Tanzania. Wengine wamechagua «wasioona». «Zeruzeru» limekataliwa na wenyewe, na «mtu mwenye ualbino» limeshika nafasi yake. Kwa hiyo kanuni yetu iwe hii: jina ni la mwenye nalo, na mfasiri humwuliza kwanza.

Aidha, mara nyingi hapana haja ya jina lolote. Maswali ambayo mataifa mengi hutumia katika sensa siku hizi hayamwulizi mtu yeye ni nani, bali humwuliza anapata shida gani: «Je, unapata shida kuona, hata ukivaa miwani?» Majibu ni manne: hakuna shida, shida kiasi, shida kubwa, siwezi kabisa. Mzee ambaye hatakubali kamwe kuitwa mlemavu atalijibu swali hilo bila kusita, na ofisi itajua ni wangapi wanaohitaji kusomewa fomu.

Msomaji atauliza: je, kabila na dini? Sensa yetu ya mwaka 1967 iliyauliza yote mawili. Zilizofuata, kuanzia ya 1978 hadi ya 2022, hazikuyauliza. Mwaka 2012 baadhi ya Waislamu walitaka swali la dini lirudishwe, na wako waliosusia kuhesabiwa. Nchini Kenya, kinyume chake, sheria ya mwaka 2008 huzuia taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya watumishi kutoka jamii moja, na sharti hilo halitekelezeki bila kuuliza kabila. Swali lile lile huko ni kinga ya usawa, na kwetu lilionekana kuwa mbegu ya mgawanyiko. Hatusemi nani amekosea. Twasema tu kwamba neno halihami na sababu yake: afasiriye fomu ya nchi nyingine asilete swali ambalo hapa halina kazi.

Sheria nayo imekwisha kuamua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yataka anayetoa taarifa ajulishwe lengo la kukusanywa kwake. Hivyo twapendekeza kila fomu ifunguliwe kwa maneno haya, au yanayofanana nayo: «Twakuuliza haya ili tupime kama huduma yetu inawafikia watu wote kwa usawa. Waweza kukataa kujibu, na hutanyimwa huduma kwa sababu hiyo.»

Ni sentensi mbili tu. Tunawaomba walimu na watumishi walioko wilayani wazisome mbele ya wananchi, kisha watuandikie ni neno gani lililowakwaza.