Uaminifu Usiopimwa kwa Noti: Kupanga Upya Muziki wa Sibelius kwa Kikundi Kidogo cha Ala za Kupuliza

Katika taaluma ya tafsiri, uaminifu wa matini lengwa kwa matini chanzi haupimwi kwa kuhesabu maneno. Katika upangaji upya wa muziki, hata hivyo, mizani ya aina hiyo ingali inatumika: kazi husifiwa kwa kuhifadhi noti nyingi za mtunzi. Makala haya yanaihakiki mizani hiyo kwa kurejelea utungo wa Jean Sibelius (1865–1957), Tuonelan joutsen, yaani Batamaji wa Tuonela, pindi unapohamishwa kutoka okestra hadi kikundi cha wapulizaji watano: wa filimbi, obo, klarineti, honi na basuni.

Utungo huu una chimbuko katika Kalevala, utenzi ambao Elias Lönnrot aliusuka kutokana na nyimbo simulizi na kuuchapisha mwaka 1835, kisha akaupanua mwaka 1849. Ulipigwa mara ya kwanza Helsinki mwaka 1896, ukiwa mmoja wa tungo nne zinazomhusu Lemminkäinen. Tuonela ni nchi ya wafu, na batamaji huelea katika mto wake. Sauti yake imekabidhiwa obo ya sauti nzito. Nyuma yake zipo ala za nyuzi zilizogawanywa katika safu nyingi na kufifishwa sauti. Filimbi, tarumbeta na klarineti ya kawaida hazimo kabisa. Klarineti iliyomo ni ya besi pekee. Uteuzi huo umebeba maana: kiumbe anayelazimika kuvuta pumzi anaimba juu ya maji yasiyopumua.

Kikundi cha wapulizaji watano huifuta tofauti hiyo. Mpangaji anayegawa noti tu kwa ala zinazoweza kuzifikia humgeuza batamaji kuwa ndege mmoja miongoni mwa watano. Aidha, huingiza rangi mbili ambazo mtunzi aliziacha, yaani filimbi na klarineti ya kawaida. Noti huweza kubaki zilezile, lakini upweke ukatoweka.

Haifuati kwamba kazi hii isipangwe upya. Sibelius mwenyewe aliipangia piano Finlandia, utungo wa okestra wa mwaka 1899. Mwaka huohuo alitunga Tiera kwa kikundi cha ala saba za shaba, aina ya kikundi iliyoenea Ufini nje ya kumbi kubwa, hata miongoni mwa vyama vya wazimamoto na vya wafanyakazi. Kwake, udogo wa kikundi haukuwa daraja la chini la sanaa. Linalohojiwa hapa ni kigezo cha uhamishaji.

Kigezo kinachofaa ni dhima. Mpiga obo achukue obo ya sauti nzito na asishirikishwe katika usindikizaji, ili sauti ya batamaji isichanganyike na mandhari. Wanne waliobaki wawe maji. Kordi, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, zipunguzwe hadi sauti tatu, ili mmoja avute pumzi huku wenzake wakishikilia. Filimbi ibaki katika sauti zake za chini, mahali ambapo mng'ao wake ni hafifu. Gharama ya njia hii ni wazi: unene wa sauti hupotea, na noti nyingi huachwa. Iwapo unene huo ni wa lazima, jibu ni kuongeza wapulizaji hadi 10, ambao wanaweza kupokezana pumzi, wala si kuwabebesha watano kazi ya okestra.

Hoja hii ina uzito wa kisera. Katika Umoja wa Ulaya, hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya mwaka wa kifo cha mtunzi. Kwa hiyo ulinzi wa kazi za Sibelius unakoma mwishoni mwa mwaka 2027. Kabla ya hapo, upangaji upya unahitaji idhini ya wenye haki. Baadaye, mlango utakuwa wazi, na wingi wa matoleo unaweza kuzidi uwezo wa wasomaji kuyapambanua. Inafaa wachapishaji na wafadhili wadai dibaji fupi inayotaja kilichoachwa, kilichobadilishwa na dhima iliyolindwa. Toleo linalokiri upungufu wake humpa mpigaji na mhakiki msingi wa kulijadili. Linalodai kuhifadhi kila kitu huficha maamuzi ambayo mpangaji ameshayafanya.