Gari la 4x4 Linapotetema Lamini: Jinsi ya Kumpima Fundi

Gari jipya la 4x4 likianza kutetema kwenye barabara ya A1 kati ya Migori na Awendo, mshale wa kasi ukikaribia 100, mwenyewe huuliza gari lina nini. Afadhali aulize kwanza ni nani atakayeweza kumjibu. Mafundi wa gereji za Migori, Rongo na Homa Bay wengi wao wana mikono mizuri, na kushusha propela na kuirudisha si kazi ya kuwatoa jasho. Lakini kushusha propela ni jambo moja, na kujua kama ilistahili kushushwa ni jambo jingine. Hoja yangu ni kwamba fundi wa mtetemo apimwe kwa vifaa alivyoviondolea lawama bila kuvifungua. Anayebadilisha balansi, kisha beringi, kisha krosi, kisha shokabzoba, mpaka gari linyamaze, amelitibu kwa kubahatisha, na bili ya kubahatisha kwake inalipwa na mteja.

Ushahidi wa hoja hii uko katika hesabu ambayo mtoto wa shule anaiweza. Tairi la 265/65R17, ambalo magari mengi ya aina hii huvaa, husonga karibu mita 2.44 kila linapozunguka mara moja. Kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa gari linakwenda mita 27.8 kwa sekunde, kwa hiyo tairi linazunguka zaidi kidogo ya mara 11 kila sekunde. Propela huzunguka haraka kuliko tairi kwa kiasi cha uwiano wa difu. Tukichukua uwiano wa 3.9, propela inazunguka kama mara 44 kwa sekunde. Injini nayo ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, inazunguka kama mara 33. Tofauti hizo mwili unazihisi. Mara 11 kwa sekunde ni mtikisiko: usukani unacheza, au kiti kinakurusharusha. Mara 44 ni mngurumo unaopanda kupitia sakafu na kuziba masikio, na mkono hauwezi kuuhesabu. Fundi anayeambiwa kwamba gari linanguruma sakafuni kisha akaanza kwa kubalansi magurudumu hajakosa mashine. Amekosa kusikiliza.

Kwa hiyo daraja la kwanza la ubora ni maswali, na la pili ni namna anavyoliendesha gari. Fundi mzuri hutaka kujua mtetemo unaanza kwa kasi gani, unaisha kwa kasi gani, na ulianza baada ya nini. Kisha hupanda mwenyewe na kutafuta lami iliyonyooka. Hiyo si rahisi kwenye A1 yenye matuta kila mji, wala msimu ambao matrekta ya miwa ya Awendo yamejaa njiani. Akifikia kasi yenye mtetemo, huachilia mafuta: mtetemo ukitoweka papo hapo, sehemu zinazobeba nguvu ya injini ndizo za kushukiwa, kama vile jointi za ndani za eksili au pembe ya propela. Usipobadilika, hurudia kasi ileile kwa gia tofauti, ili injini izunguke vingine huku magurudumu na propela vikibaki vilevile. Kama mtetemo haukujali gia, injini imeachiliwa huru. Ukija pale tu breki inapokanyagwa, aangalie diski. Jaribio lote halimalizi nusu saa wala halihitaji spana, na kwa maoni yangu ndilo sehemu ya kazi inayostahili malipo makubwa zaidi.

Mazingira ya huku yana washtakiwa wake, na fundi anayeyajua huwaendea hao mapema. Wa kwanza ni udongo. Mwenye gari akitoka Ndhiwa, Lambwe au Nyatike siku ya mvua, udongo mweusi unaonata hujaa upande wa ndani wa rimu na kukaukia humo. Akishika lami ya Rodi Kopany au Migori, gari linatetema kana kwamba limevunjika kitu. Balansi ya gurudumu hupimwa kwa gramu, na bonge moja la udongo mkavu hupita kipimo hicho kwa mbali. Fundi anayeagiza rimu zioshwe kwa ndani kabla ya jambo lolote jingine, huyo ana akili. Mshtakiwa wa pili ni kusimama. Gari likikaa miezi bila kusogea, matairi hupata ubapa pale yalipolalia. Hutetema asubuhi na kutulia yakishapata moto, na mara chache ubapa huo haupotei kabisa. Hili linahusu pia magari yaliyotumika yanayotoka Japani, ambayo wengi wetu tunayaita mapya kwa kuwa ni mapya kwetu. Wa tatu ni wa kujitakia: kulipandisha gari kwa springi ndefu siku chache baada ya kulinunua, ili lisiguse mawe ya njia za Nyatike.

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu ndipo fundi wa kweli hujitenga na wengine. Krosi, yaani kiungo cha propela, inayofanya kazi ikiwa imepinda haipitishi mzunguko kwa ulaini: upande wa pili huongeza mwendo na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Wabunifu waliliponya hilo kwa kuweka krosi mbili, moja kila mwisho wa propela, zenye pembe sawa na uma zilizopangwa sambamba, ili kosa la ya kwanza lifutwe na ya pili. Ukilipandisha gari, pembe hizo zinaweza kuachana. Ukiivuta propela kwenye meno yake na kuirudisha jino moja pembeni, uma zinaacha kuwa sambamba. Ndiyo maana fundi mwenye adabu ya kazi huchora alama kwenye propela na kwenye flanji kabla ya kulegeza bolti hata moja. Tazama alama hiyo. Kama haipo, mwombe asimame.

4x4 ya aina hii ina propela mbili, na difu zote mbili kwa kawaida zina uwiano mmoja, hivyo hesabu ya mizunguko haiwezi kusema ni ya mbele au ya nyuma. Fundi mjuzi hapambani na hilo kwa kukisia. Kwenye gari kama Land Cruiser 79 lenye habu za kufungwa kwa mkono, huuliza habu ziko wapi. Huziweka kwenye FREE, gari likiwa kwenye 2H, yaani likisukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, na kuendesha tena. Propela ya mbele haizunguki, kwa hiyo mtetemo ukibaki, ya mbele haina hatia. Kwenye gari linalosukuma magurudumu yote wakati wote, huiondoa propela ya mbele, hufunga difu ya kati na kujaribu tena.

Kuna watakaosema kwamba siku hizi kompyuta inatosha. Haitoshi. Mashine ya kusoma misimbo ya hitilafu husoma kile ambacho sensa za gari hupima, na magari mengi hayana sensa ya kupima balansi ya propela. Simu ya mkononi inafaa zaidi hapa: ina kipima mtikisiko, na programu zipo za kuonyesha mitikisiko mingapi kwa sekunde. Simu iliyowekwa sakafuni ikionyesha 11 au 44 imekwisha kusema jambo. Wengine watasema magari yote ya 4x4 hutetema. Kuna ukweli kidogo: matairi ya meno makubwa hunguruma. Basi liendeshwe gari jingine la modeli ileile lenye matairi yaleyale kwenye barabara ileile, na tofauti itajitokeza. Kuhusu vyeti, mtihani wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, unathibitisha kwamba mtu amefunzwa, na ni vyema awe nao, lakini hauonyeshi kama ana subira. Pingamizi zito ni la bei: balansi ni rahisi, kwa nini isijaribiwe kwanza? Ijaribiwe, ikiwa dalili zinaelekeza kwenye magurudumu. Isifanywe mara ya tatu.

Gari likiwa bado ndani ya waranti, usiruhusu propela ishushwe mitaani. Andika kasi, gia, habu zilivyokuwa, na kama mtetemo unasikika kwenye usukani, kitini au sakafuni, kisha upeleke karatasi hiyo kwa aliyekuuzia na umtake aendeshe pamoja nawe. Akikataa kupanda gari, tafuta tawi jingine.