Kujaza Mapengo Siyo Kuandika

Kila mwaka wa masomo ukianza, swali ni lilelile: huyu wa mwaka wa kwanza anaweza kuandika insha ya kitaaluma, au apelekwe kwanza kwenye kozi ya stadi za mawasiliano? Njia rahisi ni mtihani mmoja, alama zinatoka, kazi imekwisha. Leo tuuhoji mtihani wenyewe, kwa kutumia mfano wa zamani kidogo: ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984, iliyopima Kiingereza kuanzia shuleni hadi chuo kikuu nchini Tanzania kwa ufadhili wa Uingereza.

Ripoti ile iliegemea jaribio la kujaza mapengo, mbinu aliyoibuni Mmarekani Wilson Taylor mwaka 1953. Unachukua kifungu, unafuta neno kila baada ya maneno kadhaa, msomaji anayarudisha. Jaribu hiki: "Misafara ilitoka Ujiji, ikapumzika Tabora, kisha ikateremka ___ Bagamoyo, huku wapagazi ___ pembe za ndovu mabegani." Umejaza "hadi" au "mpaka"? Kama msahihishaji anakubali neno la asili tu, mmoja wenu kakosa, na wote mnajua Kiswahili vizuri tu.

Matokeo yalitisha. Ni kama asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliofikia kiwango ambacho mtu angetarajia kuanza kufundishwa kwa Kiingereza. Chuo kikuu, waliopimwa na kuonekana wanaweza kusoma kwa urahisi hata vitabu vyepesi vya masomo yao hawakufika asilimia 20. Hapo sina ugomvi na takwimu. Ugomvi wangu ni hatua iliyofuata: baada ya kuonyesha kwamba lugha haifanyi kazi yake darasani, ripoti ikapendekeza ibaki hapohapo, ila iimarishwe. Mapengo yale hayakusema hivyo. Yasingeweza.

Linganisha na Mlama na Matteru, waliofanya utafiti wao kwa ajili ya BAKITA mwishoni mwa miaka ya 1970. Wao waliingia darasani, wakakaa, wakasikiliza. Mwanafunzi akiulizwa kwa Kiingereza, anababaika. Akiruhusiwa Kiswahili, maneno yanamiminika. Mbinu mbili zimekutana kwenye tatizo moja, na hilo linatupa imani kwamba tatizo ni la kweli. Lakini mbinu ya pili imeona kitu ambacho ya kwanza haikuwa na macho ya kukiona: fikra zipo, zimekwama mlangoni. Alama ya mtihani inasema "hawezi". Uchunguzi unauliza, hawezi nini?

Sasa hamishia jambo hili Tabora. Kiswahili kilifika Unyanyembe kwa miguu, karne ya 19, na wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa miongoni mwa waliokisambaza huko bara. Kwa hiyo mwanafunzi anayetoka Uyui na kuingia AMUCTA anaweza kuwa na Kinyamwezi cha nyumbani, Kiswahili cha shule ya msingi na Kiingereza cha kidato cha kwanza. Insha yake ikiwa mbovu, ubovu uko wapi? Pengine hajui kupanga hoja. Pengine anajua sana, ila kitenzi cha Kiingereza kimemkimbia. Wa kwanza anahitaji mwalimu wa uandishi, wa pili mwalimu wa lugha. Ukiwaweka darasa moja, mmoja wao anapoteza muhula mzima (na ada, tusisahau).

Dawa yake haina uchawi. Mpe aandike insha mbili, moja kwa kila lugha. Wasahihishaji wawili wazisome bila kuonana, tuone kama wanakubaliana. Halafu muulize alivyoipanga. Mwisho wa mwaka tazama alama zake za masomo mengine.

Ila hapo kuna mtego ambao watafiti wengi, hata sisi wa uzamili, tunaupita kama hatuuoni. Waliofeli wamepelekwa kozi ya ziada, kwa hiyo alama zao za baadaye zimeshaguswa na kozi hiyo. Waliobaki ni waliofaulu peke yao, nao wanafanana mno kiasi kwamba uwiano kati ya mtihani na alama unaonekana dhaifu hata kama mtihani ni mzuri. Na akina "hawezi" waliokuwa wanaweza? Hakuna jedwali linalowaonyesha, mpaka chuo kikubali kuwaacha wachache waliokosea kwa alama mbili tatu waingie moja kwa moja, kisha kiwafuatilie.