Nani Analisikia Neno "Shenzi"? Filamu ya Sundown (1941) na Mtazamaji wa Arua na Koboko

Makala haya yanahakiki filamu ya Sundown, iliyoongozwa na Henry Hathaway na kutolewa Marekani mwaka 1941, kwa kumweka mbele mtazamaji ambaye watengenezaji wake hawakumfikiria: msemaji wa Kiswahili wa West Nile. Hoja yetu ni kwamba maoni ya mtazamaji huyo ni ushahidi wa kihakiki, kwa kuwa anasikia katika filamu mambo ambayo mhakiki asiyejua lugha wala mpaka hawezi kuyasikia.

Filamu hii ya rangi nyeusi na nyeupe inahusu ujasusi wa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Maofisa wa Kiingereza katika kituo cha mpakani nchini Kenya wanajaribu kugundua ni nani anayepenyeza bunduki ili wenyeji waasi. Sifa zake za kiufundi zinajulikana. Iliteuliwa kuwania tuzo tatu za Oscar: upigaji picha, usanifu wa mandhari na muziki. Atakayeitazama leo atakubali kwamba vivuli vyake na anga lake pana vina mvuto, ijapokuwa jangwa lenyewe ni la Marekani.

Hata hivyo, kabila linalopewa bunduki hizo limeitwa "Shenzi". Kwa mtazamaji wa Hollywood, hilo ni jina tu, lenye ladha ya Kiafrika. Kwa msemaji wa Kiswahili ni tusi. Neno hilo lilitumika pwani kuwadharau watu wa bara, na utawala wa kikoloni ukalirithi. Hivyo, kabla mhusika yeyote wa kabila hilo hajatenda lolote, filamu imekwisha kumhukumu kwa lugha yetu wenyewe. Mtu wa Arua atakayecheka au kuguna anapolisikia jina hilo hajashindwa kuielewa filamu. Ameielewa kuliko aliyeiandika.

Jambo hili lina historia. William Sellers, aliyekiongoza Kitengo cha Filamu za Kikoloni kilichoundwa mwaka 1939, alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu isipokuwa iwe ya polepole na sahili. Baadaye kilienea kisa cha wanakijiji walioonyeshwa filamu ya usafi wa mazingira, na walipoulizwa waliona nini, wakajibu kwamba waliona kuku. Kisa hicho kilisimuliwa kama dalili ya udhaifu wao. Kinachosahaulika ni kwamba filamu ilipokaguliwa tena, kuku alikuwamo. Waandaaji ndio ambao hawakumwona. Neno "Shenzi" ni kuku wa filamu ya Sundown.

Ushahidi wa pili ni mpaka. Zia, anayeigizwa na Gene Tierney, ni mfanyabiashara mwenye misafara na maduka yanayovuka mipaka, na kuvuka kwenyewe kunamfanya ashukiwe. Koboko inapakana na Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Wakakwa wanaishi katika nchi zote tatu. Kwao, kuvuka mpaka ni kwenda sokoni, arusini au mazishini. Ni kukimbia vita na kurudi. Mtazamaji wa huko hatauliza mara moja, "Je, Zia ni jasusi?" Anaweza kuanza na swali gumu zaidi: "Nani aliweka mpaka huu, na kwa nini anayeuvuka ndiye mtuhumiwa?"

Haki inatutaka tukiri kwamba filamu yenyewe inaukaribia ukweli huu. Crawford, ofisa Mkanada, anapinga Zia kubaguliwa mezani kwa sababu ya asili yake. Lakini ujasiri huo haudumu. Baadaye inabainika kwamba Zia alilelewa tu na Mwarabu, naye ni wa asili ya Kizungu. Kikwazo cha mapenzi kinaondolewa bila ubaguzi wenyewe kushindwa. Huu ndio udhaifu mkubwa wa hadithi, nao ni wa kisanaa na wa kimaadili kwa pamoja.

Askari Waafrika nao wapo, ila hawana usemi. Mwaka huohuo wa 1941 vikosi vya KAR, yaani "keya", vilipigana Somalia na Ethiopia, na West Nile ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyotegemewa kutoa askari. Kiswahili kiliingia katika familia nyingi za eneo hili kupitia jeshi. Ndiyo maana mtazamaji wa hapa anakisikia kwa masikio mawili: ni lugha ya babu aliyerudi vitani, na ni lugha ya amri. Katika Uganda, kumbukumbu ya Kiswahili kama lugha ya mtutu bado inakwamisha sera, tangu agizo la mwaka 1973 la kukifanya lugha ya taifa hadi uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022 wa kukipokea kama lugha rasmi.

Kuzificha filamu za namna hii hakutaifuta kumbukumbu hiyo. Tunapendekeza zionyeshwe shuleni na katika vibanda vya video zikiwa na ufafanuzi wa Kiswahili, na wafasiri wa papo kwa papo, maarufu kama VJ, watambuliwe kuwa wadau wa sera ya lugha. Maoni ya watazamaji yakusanywe kwa Kilugbara, Kikakwa, Kinubi na Kiswahili, kwa kuwa anayeulizwa kwa lugha asiyoimudu hujibu kidogo, na uchache wa jibu lake huhesabiwa kuwa uchache wa akili. Kosa hilo lilifanyika wakati wa ukoloni. Tukilirudia sasa, halitakuwa na wa kulaumiwa ila sisi.