Kuchungulia Injini: Maoni Kuhusu Istilahi Moja

Fundi wa Bariadi apitishapo kamera nyembamba katika tundu la nozeli ya injini ya dizeli, apate kuona mikwaruzo ya silinda na masizi juu ya pistoni, watafsiri huelekea kuiita kazi hiyo “upimaji usioharibu”. Istilahi hii haituridhishi. Ni pana mno: hujumuisha pia eksirei, mawimbi ya sauti na sumaku, na baadhi ya njia hizo hudai kipande kitolewe nje kwanza. Tena humtia hofu mwenye trekta. Asikiapo “usioharibu” huuliza ni upi basi uharibuo. Alitaka kujua tu kama injini itafunguliwa, maana katika Simiyu, mkoa uongozao nchini kwa pamba, msimu haumngoji mtu. “Darubini ya injini” nayo haifai: asili yake ya Kiajemi ni kuona mbali, na hapa kitazamwacho ki karibu.

Twapendekeza “ukaguzi wa kuchungulia”, na chombo chenyewe “kichungulio”. Kuchungulia ni kutazama kupitia upenyo, ndiyo kazi yenyewe. Neno hili lakiri hata upungufu wake, kwani achunguliaye haoni yote: beringi za krenki hazionekani kwa tundu la nozeli.